Mtoto wa Masisi naye ahesabiwe

Katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa kipoyi. Vijana hupokezana mabega, wakishuka bonde na kupanda mlima mwingine, na nyuma yao hufuata wanawake waliobeba sufuria, blanketi na unga wa muhogo, maana hospitalini atakayemlisha mgonjwa ni ndugu yake mwenyewe. Kabla kipoyi hakijanyanyuliwa, daftari limekwisha kuzungushwa. Mwalimu wa shule, shemasi au mzee wa ukoo amepita nyumba kwa nyumba: jina, kijiji, kiasi. Faranga elfu mbili. Faranga mia tano. Kuku. Debe la viazi. Asiye na kitu leo naye huandikwa, na mbele ya jina lake huachwa nafasi.

Hiyo ndiyo bima ya afya ya Masisi na ya jirani yake Walikale. Imewashusha mlimani wanawake waliolala na uchungu siku mbili, imewafikisha majeruhi wa vita kwenye meza ya upasuaji, na imenunua majeneza mengi. Katika madaftari hayo kuna michango ya safari, ya dawa, ya mazishi. Mchango wa utafiti haumo. Ukimtajia mzee wa ukoo neno hilo wakati mtoto anatapika kitandani, atakuona mtu usiyejua uchungu wa mwenzio.

Hata hivyo nalitaja, kwa ajili ya ugonjwa mmoja ambao katika milima yetu ni kana kwamba haupo: saratani ya ubongo kwa watoto na vijana.

Haupo kwa sababu hauonekani. Ulaya na Marekani, uvimbe wa ubongo ni takriban saratani moja kati ya kila nne au tano zinazowapata watoto. Ukiacha saratani za damu, hakuna inayowapata wengi kuliko hiyo. Ukifungua sajili za saratani za Afrika kusini mwa Sahara, sehemu hiyo inashuka hadi asilimia chache tu. Madaktari wa saratani za watoto hawaamini kwamba vichwa vya watoto wetu vimeumbwa kwa namna nyingine. Wanajua kinachotokea. Saratani ya taya inaonwa na kila mpita njia, ya jicho inaonwa na mama anayemnyonyesha mtoto, lakini iliyo ndani ya fuvu haionekani bila mashine. Mtoto huzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Tumfikirie kijana wa miaka 14 wa Nyabiondo. Anaamka alfajiri kichwa kinamgonga, anatapika, na kufikia saa nne asubuhi amepata nafuu, anakwenda shule. Nafuu hiyo ndiyo inayowapoteza wote. Ndani ya ubongo kuna maji yanayotengenezwa na kuzunguka mchana na usiku. Uvimbe ukiziba njia yake, shinikizo linapanda, na linapanda zaidi mtu akiwa amelala usiku kucha. Akisimama, linapungua. Katika kituo cha afya anapimwa malaria, na katika nchi yenye malaria kama yetu kipimo mara nyingi hukuta vimelea hata kama sivyo vinavyomuumiza. Anameza dawa. Baadaye anatibiwa taifodi. Wiki zinapita, anaanza kuyumba akitembea kama aliyekunywa kasiksi, anaona vitu viwiliviwili, mwandiko wake unaharibika hadi mwalimu anamgombeza. Sasa majirani wanataja karuho, ile sumu inayosemekana kuua polepole, na kuna mtu kijijini anaanza kutazamwa vibaya. Kijana anapelekwa kwenye chumba cha maombi, kisha kwa mganga. Katika watu wote hao hayumo aliyemtakia mabaya. Kila mmoja alitumia alichokuwa nacho mkononi.

Akibahatika, muuguzi mmoja anamwita mzazi pembeni. "Mama, huyu mtoto anahitaji picha ya kichwa. Hapa hatuna." Mama anauliza inapatikana wapi, na kabla hajajibiwa anauliza la pili: ni pesa ngapi?

Picha hiyo haipatikani Masisi wala Walikale. Kutoka Masisi mjini hadi Goma, inakotafutwa, ni kama kilomita 80, kupitia Mushaki na Sake. Walikale ni habari nyingine kabisa: wilaya yenye kilomita za mraba 23,475, inayokaribia Rwanda nzima kwa ukubwa, sehemu kubwa ikiwa msitu, na barabara zake mvua ikinyesha humeza malori. Kwa miaka mingi ndege ndogo za kubeba kasiterite, jiwe la bati, zilitua juu ya barabara yenyewe pale Kilambo kwa sababu hapakuwa na lami nyingine ya kuaminika. Jiwe lilikuwa na ndege. Mgonjwa alikuwa na kipoyi.

Kisha ukaja mwaka 2025. Masisi mjini iliingiwa na waasi wa M23 siku za mwanzo za Januari, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo, Walikale mjini mwezi Machi kabla hawajaondoka majuma machache baadaye. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Benki za Goma zikafunga milango, na mji wa watu zaidi ya milioni moja ukabaki kuishi kwa pesa za simu, huku wenye vibanda wakikosa noti za kuwapa watu. Kila aliyekuwa anachangisha kwa ajili ya mgonjwa wakati ule anajua maana yake: mchango umekwisha kuingia kwenye simu, lakini hospitali inataka dola mkononi.

Na picha ni mlango tu. Kinachofuata ni daktari wa upasuaji wa ubongo, maabara ya kusoma kipande cha uvimbe chini ya hadubini, na kwa aina nyingi za uvimbe, tiba ya mionzi. Mionzi iliyo karibu nasi iko ng'ambo ya mpaka: Kigali, katika hospitali ya jeshi ya Kanombe, tangu 2019, na Kampala, katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago. Hata huko Kampala, mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwapo nchini Uganda iliharibika isitengenezeke, na mpya ikaanza kazi Januari 2018. Kwa karibu miaka miwili, Mganda aliyehitaji mionzi alikuwa katika hali ileile ya mtu wa Walikale.

Ndiyo maana mtu akisema utafiti ni anasa ya matajiri, namwelewa. Lakini nataka tuwatazame waliouanzisha huko kwa matajiri.

Mwaka 1996 huko Uingereza msichana aitwaye Samantha Dickson alifariki kwa uvimbe wa ubongo akiwa na miaka 16. Wazazi wake, Neil na Angela, walikuwa wametafuta kila mahali tiba ya mtoto wao na wakakuta kwamba utafiti wa ugonjwa uliokuwa unamuua ulikuwa unapewa fedha kidogo mno. Walianza kuchangisha kwa ndugu na marafiki, kama sisi tunavyoanza. Mfuko waliouita kwa jina la binti yao ulikua, mwaka 2013 ukaungana na mashirika mengine mawili, na leo unaitwa The Brain Tumour Charity, miongoni mwa wafadhili wakubwa wa utafiti wa ugonjwa huu duniani.

Katika kazi zilizopita mikononi mwa shirika hilo, ipo moja ambayo ningependa kila muuguzi wa Mweso, Pinga na Kashebere aijue. Si dawa, ni kadi. Watafiti wa Nottingham wakiongozwa na David Walker walichambua namna watoto wenye uvimbe wa ubongo walivyofika hospitalini, wakapanga dalili kwa umri: chini ya miaka 5, kuanzia 5 hadi 11, na kuanzia 12 hadi 18. Kwa kijana wa umri wa sekondari, kadi inataja kichwa kinachouma mara kwa mara, kutapika kusikoisha, kuyumba, macho kubadilika, degedege, tabia kugeuka, na kubalehe kunakochelewa au kusimama. Kampeni hiyo, iitwayo HeadSmart, ilianza 2011. Kabla yake mtoto wa Kiingereza alikuwa anakaa na dalili kwa wiki 14 hivi kabla ya kugunduliwa. Miaka michache baadaye muda huo ulikuwa umeshuka chini ya wiki 7. Uingereza, nchi yenye skana katika kila hospitali kubwa, ilikuwa inachelewa miezi mitatu na zaidi. Kilichopunguza muda huo hakikuwa mashine mpya. Ni watu waliokaa chini wakahesabu.

Fedha za familia kama hizo zimefika mbali kuliko kadi. Mwaka 2012 wanasayansi waligundua badiliko dogo la vinasaba, H3 K27M, lililoko katika uvimbe wa katikati ya ubongo unaowaua karibu watoto wote unaowapata. Ulikuwa uvimbe ambao wapasuaji hawakuugusa kwa hofu, hivyo sampuli hazikuwapo. Zilipatikana kwa sehemu kubwa kwa sababu wazazi, saa chache baada ya kumpoteza mtoto, walikubali uvimbe utolewe ukasomwe. Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dordaviprone, dawa ya kwanza kabisa kwa uvimbe wa aina hiyo. Haiponyi wote, wala haikaribii. Lakini ni kitu, mahali palipokuwa patupu.

Kwa upande wetu wa dunia ukarimu haujawahi kukosekana. Agosti 2015 Wakenya walimjua Emmanuel Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ambaye wenzake walimwita Jadudi. Alikuwa amepasuliwa kichwa mara tatu na uvimbe ulikuwa umerudi. Alihitaji shilingi milioni moja kwenda India. Mwandishi Jackson Biko akaandika habari zake, na taasisi ya Africa Cancer Foundation, iliyoanzishwa 2011 na Profesa Anyang' Nyong'o na mkewe Dorothy baada ya profesa mwenyewe kuugua saratani, ikasimamia mchango. Watu walitaka milioni moja. Kwa siku chache zikaingia zaidi ya milioni sita, nyingi zikiwa za mia na mia mbili kutoka kwa watu wasiomjua. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Jadudi alikwenda India, akapasuliwa, akarudi, akaishi. Alifariki Desemba 2017.

Sisemi pesa hizo zilipotea. Miaka miwili ya uhai wa kijana, pamoja na mama yake, haina bei. Ninachosema ni kwamba kijana aliyefuata, na aliyefuata baada yake, alianzia pale pale Jadudi alipoanzia: kwenye simu za marafiki, akiomba. Mchango wa tiba huisha na mgonjwa wake. Familia ya Dickson ilimpoteza binti, lakini mchango wake haukuzikwa naye, na watoto wasiokuwa wamezaliwa mwaka 1996 wanautumia hadi leo.

Sasa niseme la madini, maana huwezi kuandika juu ya pesa Masisi na Walikale ukaliruka. Rubaya, katika wilaya ya Masisi, hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia. Ndani ya koltani mna tantalamu, chuma kigumu kisicholiwa na maji ya mwili. Madaktari wa upasuaji wa ubongo waliijua zamani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari aliyepasuliwa fuvu na kipande cha bomu aliwekewa bamba la tantalamu lililogongwa likafuata umbo la kichwa chake, ngozi ikashonwa juu yake. Vibanio vidogo vya tantalamu vilifunga mishipa ya damu ndani ya ubongo. Leo chuma hicho kimo zaidi katika vidude vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye vifaa vya elektroniki, vikiwamo vya hospitali. Na Walikale? Mgodi wa Bisie, unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin, ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Bati ndilo linaloshikanisha nyaya na vipande vya umeme katika kila kompyuta na kila skana.

Kwa hiyo, kijana wa Nyabiondo anayebebwa kwenda kutafuta picha ya kichwa, anabebwa kutoka kwenye milima ambayo imo ndani ya mashine anayoitafuta. Baba yake huenda ameuchimba udongo wake kwa sururu na kuubeba mgongoni katika kiroba.

Aprili 2024 Rubaya iliangukia mikononi mwa M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba karibu tani 120 za koltani zilikuwa zinavushwa kwenda Rwanda kila mwezi, na kwamba kodi ya biashara hiyo iliwaingizia waasi kama dola 800,000 kwa mwezi. Kabla yao walikuwapo wengine waliotoza, wenye sare na wasio na sare. Bendera hubadilika, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyomwachia mgonjwa wa kichwa chochote. Nimeandika hili kwa hasira na sitaificha. Nchi isiyo maskini inawaacha wazazi wake kuombaomba kuku na debe la viazi ili mtoto akapigwe picha.

Hasira hiyo isitufanye tusahau kwamba utafiti mkubwa kuliko wote uliowahi kufanywa juu ya saratani za watoto Afrika Mashariki ulifanywa kwa pesa kidogo ajabu. Mwaka 1957, Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Burkitt hakujua ni nini. Baadaye akakutana na mwingine, akapekua mafaili, akaandika makala yake ya kwanza mwaka 1958. Kisha akafanya jambo ambalo katibu wa kamati yoyote ya mchango angeliweza: alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto hao na kuvituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza, je, nanyi mnawaona hawa? Majibu yaliporudi alichomeka pini kwenye ramani.

Oktoba 1961, pamoja na Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, karibu na mpaka wa Kongo, na Clifford Nelson, aliingia kwenye gari kuukuu la Ford, wakaendesha kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, maili 10,000 hivi, wakisimama kwenye hospitali zaidi ya 50 kuuliza swali hilohilo. Safari nzima iligharimu pauni 678. Waligundua kwamba karibu na Ikweta ugonjwa huo hukoma ukipanda juu ya mita 1,500 hivi. Mstari kama huo ungepita kwetu: Walikale mjini iko chini ya mita 1,000, na vilima vya Masisi vinapita 2,000. Kwenye baridi mbu hapati raha, malaria hupungua, na saratani ile hupungua nayo. Ndivyo ulimwengu ulivyoanza kushuku kwamba malaria inahusika.

Sampuli za watoto wa Kampala zilipelekwa London kwa Anthony Epstein, aliyekuwa amemsikiliza Burkitt akihutubia hospitali ya Middlesex mwezi Machi 1961. Moja ilichelewa: ndege ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kichupa kikafika maji yake yamekuwa na ukungu. Wengine wangekitupa wakidhani kimeoza. Epstein akaweka tone chini ya hadubini, akakuta ni seli hai za uvimbe zinaelea. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi vya kwanza kabisa kufahamika kuhusika na saratani ya binadamu. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo cha kutibu uvimbe huo, ambacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Leo, mtoto mwenye saratani ya Burkitt akifika mapema na dawa zikiwapo, ana nafasi nzuri ya kupona.

Yote hayo yalianza na daktari aliyeuliza, mnawaona wangapi, na wapi? Swali hilo bado halijaulizwa juu ya uvimbe wa ubongo katika milima yetu. Kampala ina sajili ya saratani tangu miaka ya 1950. Shirika la Afya Duniani lilizindua mwaka 2018 mpango wa kuhakikisha angalau watoto 60 kati ya kila 100 wenye saratani wanapona ifikapo 2030, na kati ya saratani sita lililozichagua imo moja ya ubongo, ile ikuayo polepole. Kwenye nchi tajiri hupona zaidi ya 80 kati ya 100. Kwenye nchi maskini, chini ya 30. Lakini lengo hupimwa kwa hesabu, na asiyeandikwa haongezi wala hapunguzi hesabu hiyo.

Pengo hilo sasa limeingia hata kwenye kompyuta. Programu za akili mnemba zinazofundishwa kutambua uvimbe katika picha za ubongo zilisomeshwa miaka mingi kwa picha za Ulaya na Marekani, zilizopigwa kwa mashine mpya. Mwaka 2023 Mnigeria Udunna Anazodo na wenzake, wakiwa na maabara yao Lagos, walifungua shindano la kwanza la kimataifa lililotumia picha za wagonjwa wa Afrika. Picha hizo hazikupatikana kwa miujiza. Kuna mtu aliyeziweka badala ya kuzifuta.

Ninachoomba basi ni kidogo na kinawezekana hata barabara ikiwa imefungwa. Kamati ya mchango inayompeleka mtoto Goma, Kigali au Kampala itenge sehemu ndogo, hata moja ya kumi, kwa ajili ya kumbukumbu. Sehemu hiyo ilipie nakala ya picha ya kichwa kwenye CD, ambayo mara nyingi hubaki kwenye droo ya hospitali ya mbali au hupotea kwenye begi njiani. Ilipie nakala ya jibu la maabara. Na kama mtoto amepasuliwa, familia iulizie kipande cha nta. Uvimbe uliotolewa, ukishahifadhiwa vizuri kwa dawa na kugandishwa ndani ya nta, haudai friji wala umeme. Hukaa miaka na miaka, na kipimo ambacho leo hakipo kinaweza kufanywa juu yake siku kitakapopatikana. Karatasi yenyewe iseme umri, kijiji, dalili ya kwanza ilianza wiki gani, alitibiwa nini kabla ya picha. Na mtoto aliyefariki kabla ya kupigwa picha aandikwe vilevile.

Nani atunze? Ofisi za maeneo ya afya zinajua namna ya kukusanya takwimu, maana kila wiki hutuma hesabu za surua na kipindupindu hata katikati ya vita. Makanisa yana hospitali na zahanati pande zote za mstari wa mapigano, na karatasi ya parokia huvuka mahali ambapo gari la serikali halivuki. Goma kuna HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mkewe Lyn, ambaye naye alifariki kwa saratani Machi 2012. Redio zetu ziko, nazo zinasikilizwa hadi kwenye mashimo ya migodi. Dalili za ile kadi ya HeadSmart zinaweza kusomwa kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda kati ya taarifa ya habari na salamu.

Na kuhusu mashine: Septemba 2022, katika Chuo Kikuu cha Mbarara, timu ya Johnes Obungoloch na wenzao wa Leiden, Delft na Marekani waliunganisha kwa siku 11 mashine ndogo ya MRI yenye sumaku za kawaida, isiyohitaji baridi kali ya heliamu wala chumba cha chuma. Waliitengeneza kwa ajili ya watoto wachanga wenye maji kichwani. Picha zake si kali kama za mashine kubwa, lakini maji yaliyozibwa ndani ya ubongo ni jambo ambalo halihitaji picha kali, na ndilo linaloua kwanza. Malawi nayo imekwisha kutumia mashine nyingine ndogo, yenye magurudumu, inayochomekwa kwenye soketi ya ukutani na kusukumwa hadi kitandani kwa mgonjwa.

Wanunuzi wa koltani na kasiterite wenye maghala Goma, na kampuni zinazonunua kutoka kwao, wamekuwa wakijenga darasa hapa na kuchimba kisima pale, wakipiga picha za uzinduzi. Wazazi wa Masisi na Walikale wana haki ya kuwaandikia barua moja, pamoja, yenye maombi matatu: mashine moja ndogo ya aina hiyo, mafundi wawili waliosomeshwa Mbarara kuitunza, na mshahara wa mtu mmoja wa kuandika jina la kila mtoto atakayelala chini yake.